Jina Moja kwa Seva Zote

Jumatatu, Machi 3

Mawingu yalipita juu yetu mchana yakaenda kunyeshea Meru, kama kawaida yake. Isiolo tumeachiwa upepo na vumbi. Nimefuta kompyuta yangu mara mbili na bado ukichora kwa kidole inaandikika.

Naanza kuandika msimu huu kwa sababu ni wa kwanza tukiwa na zahanati ya magurudumu. Shirika letu la Afya Nyika limenunua lori, likalijaza dawa na vitanda viwili, likaweka dishi juu yake ili muuguzi apate intaneti hata mahali ambapo simu haishiki. Litafuata wafugaji wanakokwenda. Sisi mafundi wa kompyuta ni wawili, Bwana Gichunge na mimi. Yeye alikuja kutoka Meru nikiwa bado shuleni, na hakuna waya katika shirika hili ambao hakuulaza yeye. Mkurugenzi wetu, Madam Batula, amefunga Ramadhani, lakini sauti yake haijafunga. Leo asubuhi ilinifikia hadi chooni.

Jumatano, Machi 5

Joto. Hakuna mvua.

Jumanne, Machi 11

Siku mbaya.

Jana mfugaji mmoja aliumwa na nyoka karibu na Biliqo. Huka, muuguzi wetu kule, alifanya kila kitu sawasawa. Alifunga mguu usisogee, akafungua programu ya dawa kwenye kompyuta, akauliza dawa ya sumu ya nyoka iko wapi. Kompyuta ikamjibu: Garbatulla. Wakampakia mgonjwa kwenye gari, wakavuka mto, wakaenda ile njia yote ya mawe na makorongo. Muuguzi wa Garbatulla akafungua friji. Hamna kitu. Dawa ilikuwa imehamishwa kuja mjini tangu Januari. Ilikuwa hapa, kwenye stoo ninayoiona kutoka dirishani pangu.

Leo hospitalini wamemkata mguu chini ya goti. Yuko hai.

Huka alinipigia simu. Nilitarajia atapiga kelele. Aliuliza tu, taratibu, "Dada Akiru, hiyo mashine yenu ilinidanganya kwa nini?"

Nilimwambia nitalitafuta jibu.

Jumatano, Machi 12

Nimelipata.

Kila kituo kina seva yake, kompyuta inayohudumia nyingine zote: hapa mjini, Garbatulla, Biliqo, na sasa ile ndogo iliyo ndani ya lori. Kila seva ina programu kadhaa, ya dawa, ya wagonjwa, ya chanjo. Zote huchota habari kutoka databesi kuu, ghala la kumbukumbu zote, iliyo hapa mjini. Lakini ili programu iifikie databesi lazima ijue jina lake na mahali ilipo, na hayo yameandikwa kwenye faili dogo. Kila programu ina faili lake. Kila faili limeandikwa kwa mkono, kwa siku yake. Moja linasema ISIOLO, jingine isiolo2, jingine DAWA_MPYA. Databesi ni ileile, majina ni kama ya ng'ombe wa familia tofauti.

Mwaka jana tulipohamia mashine mpya, Bwana Gichunge alizunguka vituo vyote kubadilisha mafaili. La programu ya dawa kule Biliqo lilimponyoka. Na mashine ya zamani haikuzimwa, ipo chini ya meza yake, inawaka, kwa ajili ya ripoti za kale. Kwa hiyo kwa miezi mingi Huka amekuwa akiuliza maswali yake kwa mashine iliyostaafu, nayo kwa adabu zote imekuwa ikimjibu mambo ya zamani.

Nilimwonyesha Bwana Gichunge kwenye skrini yangu. Alisoma mstari ule. Akavua miwani, akaivaa, akausoma tena. Kisha akainama chini ya meza yake akaizima ile mashine, akatoka nje bila kofia.

Alhamisi, Machi 13

Mama ameona sili. Nikamweleza, kwa sababu akianza kuuliza haachi. Tunakaa chumba kimoja hapa Bulla Pesa na hakuna pa kukimbilia.

Nilimwambia, "Ni kama simu, Mama. Unatafuta jina la shangazi, unapiga. Lakini shangazi alibadilisha laini, na wewe una namba ya zamani."

"Hiyo haiui mtu," alisema. "Namba ya zamani haishikwi."

"Hii ilishikwa. Ilikuwa inajibu."

Mama akaweka mwiko chini. "Kumbe mlikuwa mnampigia maiti, na maiti anapokea."

Sikulala vizuri baada ya hapo.

Jumatatu, Machi 17

Nimesimama mbele ya Madam Batula nikasema nilichokuwa nimekitayarisha tangu Ijumaa. Tuache kuandika anwani kila mahali. Databesi iwe na jina moja. Jina hilo na anwani yake vikae mahali pamoja, nitapaita kisima, na kila programu katika kila seva ikitaka databesi iende kisimani kuuliza. Databesi ikihama, tunabadilisha mstari mmoja kisimani na vituo vyote vinafuata siku hiyohiyo. Hata lori, popote lilipo.

Madam alimgeukia Bwana Gichunge. "Wewe unasemaje?"

"Mimi ninakataa," alisema. "Ameita kisima. Sawa. Kisima kimoja kikikauka, mifugo yote inakufa. Leo faili moja likikosewa, programu moja inapotea. Kwake yeye mstari mmoja ukikosewa, tunapotea sote."

"Lakini tayari mtu amepoteza mguu," nilisema.

Nilijuta papo hapo, kwa sababu niliuona uso wa Bwana Gichunge. Madam Batula akasema nijaribu hapa ofisini kwanza, kwenye mashine za majaribio, na Bwana Gichunge akague.

"Na nikipata kosa?" aliuliza yeye.

"Ukipata kosa utasema. Si ndiyo kazi yako?"

Jumanne, Machi 18

Bwana Gichunge hajanisalimia.

Jumatatu, Machi 24

Mvua! Ilishuka mchana kama mawe juu ya mabati, na watoto wa jirani wakatoka kucheza uchi. Mitaro ya Bulla Pesa imejaa chupa na matope. Mama anasema nilizaliwa siku kama hii, ndiyo maana nikaitwa Akiru, yaani wa mvua, na ndiyo maana sisikii nikiambiwa ningoje.

Kisima changu cha majaribio kilikuwa kimesimama. Programu zote ziliuliza, zote zikajibiwa, jina moja. Nikamwita Bwana Gichunge aje kuona. Alikuja, akatazama, akatingisha kichwa kama mtu anayekubali. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mashine ya kisima akachomoa waya.

Programu zote zikaganda. Moja baada ya nyingine zikaandika kwa rangi nyekundu: haijulikani.

"Hiyo ndiyo mvua ikikata stima," alisema, akarudi mezani pake na waya mkononi.

Sijawahi kumchukia mtu mzima kiasi hiki.

Jumatano, Machi 26

Nimechukia mpaka nimechoka, na baada ya kuchoka nikafikiri.

Yuko sahihi. Niliangalia tu siku ambayo databesi inahama. Sikuangalia siku ambayo kisima chenyewe kinazama. Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. Kila seva sasa inaweka akilini jibu la mwisho ililopewa, kisima kikikosekana inaendelea kulitumia. Na visima vitakuwa viwili, kimoja hapa, cha pili Garbatulla, ambako kuna sola na kituo kiko juu ya mwinuko. Ukibadilisha mstari kwenye kimoja, cha pili kinanakili. Seva ikikosa cha kwanza, inakwenda cha pili bila kuambiwa na mtu.

Nilikwenda mezani kwake nikamwambia, "Njoo uchomoe waya tena."

Alichomoa. Programu hazikushtuka. Akachomoa wa pili. Zikaendelea. Akarudisha nyaya zote, akajaribu kuandika anwani mbovu kwa makusudi. Hapo ilinishinda, kisima kilikubali upuuzi wake na kuusambaza kote.

"Kisikubali anwani kabla hakijaigongea mlango kuona kama kuna mtu," alisema. Na kwa mara ya kwanza akavuta kiti chake akakaa upande wangu wa meza.

Jumatatu, Machi 31

Idi. Madam Batula ametuletea pilau ya kuku. Bwana Gichunge amekula sahani mbili.

Jumanne, Aprili 8

Tumerudi. Mgongo wangu si wangu.

Tulikwenda Garbatulla, kisha tukavuka mto kwenda Biliqo kabla haujajaa. Kazi yenyewe kwa kila seva ilikuwa ndogo: kuondoa mafaili ya zamani, kuielekeza seva kisimani, kujaribu. Kilichochukua muda ni kuyatafuta mafaili. Yalijificha kila pembe. Garbatulla tulipata moja limeandikwa na fundi ambaye hata Bwana Gichunge hamkumbuki.

Barabarani nilimjua mtu mwingine. Hapa ofisini ni mzee wa kukunja uso. Huko, kila tulipopita alikuwa na habari. Pale gari lilizama akalala juu ya paa. Pale seva ilibebwa na punda. Hapa alimaliza Krismasi peke yake kwa sababu anwani ilibadilika na mtu wa kuibadilisha ni yeye. Nilikuwa nikidhani anayalinda mafaili yake kwa wivu. Kila moja alilifuata kwa miguu yake.

Biliqo, Huka alitupokea kwa chai ya maziwa ya ngamia. Hakutaja mguu wa mtu. Tulipofika kwenye programu ya dawa, niliweka kidole juu ya lile faili, nikasita, nikamsogezea Bwana Gichunge kibodi.

Alilifuta mwenyewe. Akasema kwa Kimeru neno moja ambalo sikulielewa, na sikuuliza.

Huka aliuliza, "Sasa ikinidanganya tena nimpigie nani?"

"Mimi," tulisema pamoja.

Lori tulilikuta kesho yake karibu na hapo, limezungukwa na ngamia. Fathia, muuguzi wake, hakusimamisha kazi hata dakika. Alikuwa akichoma watoto chanjo upande mmoja na sisi tuko na seva upande wa pili, na mtoto mmoja alinilalia mgongoni akilia.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Mvua tangu kanisani hadi nyumbani. Viatu vimekufa.

Ijumaa, Aprili 25

Mto umekata njia. Hakuna gari linalovuka kwenda Biliqo. Lori liko upande ule na litabaki huko.

Jumanne, Aprili 29

Nitaandika yote.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tukiwa tunakunywa chai ya saa nne, mtaro wa nyuma ya ofisi uliziba, na maji yakaamua kupita kwetu. Hayakuja kwa kishindo. Yaliingia chini ya mlango wa chumba cha seva kama mgeni mpole, halafu yakawa kwenye vifundo vya miguu. Bwana Gichunge alipiga kelele tukate stima. Nilikata. Tulinyanyua tulichoweza, lakini mashine ya databesi ilikuwa chini kabisa, na ilishakunywa. Kisima cha kwanza nacho kilikuwa chumba hichohicho.

Wakati huo simu yangu ikalia ujumbe. Huka, kupitia dishi la kituo, kwa sababu mnara wa simu wa kule ulizimika tangu wiki jana.

"Mama amejifungua, anaitwa Racho. Damu haisimami. Sindano zangu za kuzuia damu ziliharibika, friji ilikufa. Programu inasema hakuna databesi. Nani upande huu wa mto ana sindano?"

Nilimsomea Bwana Gichunge kwa sauti. Tulikuwa tumesimama ndani ya maji, yeye amekumbatia betri kama mtoto.

Hakuna aliyejua. Dawa huhama kila siku, ndiyo maana tuna programu. Ndege haiwezi kutua Biliqo kukiwa na matope. Mtu pekee ambaye angeweza kuwa karibu ni Fathia na lori lake, lakini Fathia alikuwa wapi asubuhi hiyo, na alikuwa amebakiza nini, mambo hayo aliyaandika kwenye databesi.

Nakala ya databesi ipo Garbatulla, tunaiita pacha. Usiku na mchana inanakili ya mjini na haifanyi kingine. Tulipanda ofisini kwa Madam Batula, yeye mwenyewe akafagia meza yake kwa mkono, karatasi zikaanguka chini. Bwana Gichunge kompyuta yake, mimi yangu, intaneti ya simu ya Madam.

"Mimi naamsha pacha," alisema. "Wewe shika kisima cha Garbatulla. Andika mstari, lakini usibonyeze kabla sijasema. Ukiwapeleka watu kabla hajaamka vizuri, tutakuwa na databesi mbili zinazobishana, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo."

Niliandika. Jina lilelile, anwani mpya. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe.

Simu ikalia. "Anabadilika rangi," aliandika Huka. "Ninamkanda tumbo. Harakisheni."

"Bwana Gichunge."

"Bado."

"Bwana Gichunge, yule mama..."

"Najua, mwanangu. Bado."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilitazama mikono yake. Haikuharakisha wala haikukawia. Madam Batula alisimama nyuma yetu, upindo wa dera lake unadondosha maji sakafuni, midomo inasoma dua.

"Sasa," alisema Bwana Gichunge.

Nilibonyeza. Kisima kikaigongea mlango anwani mpya, kikapata mtu, kikakubali. Tukangoja. Garbatulla ikauliza, ikajibiwa. Biliqo ikauliza, ikajibiwa. Halafu seva ndogo ya lori, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua iko kwenye kichaka gani, nayo ikauliza kisimani jina lile, ikajibiwa.

Ujumbe wa Huka: "Imefunguka. Lori liko karibu! Sindano Fathia anazo. Nimetuma ombi."

Kisha kwenye programu tukaona ombi limepokewa. Fathia aliandika neno moja: "Nakuja."

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ya kompyuta. Kulikuwa na matope na dereva ambaye hatukuweza kumsaidia. Bwana Gichunge alishuka kuendelea kutoa maji kwa ndoo. Mimi nilibaki na simu. Madam Batula alikaa kwenye kiti cha wageni, si chake, akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi kama wangu.

Mvua ilikuwa imepungua Huka alipoandika. "Damu imesimama. Amekunywa maji, anauliza mtoto. Mtoto anapiga kelele kuliko sisi wote."

"Alhamdulillahi," Madam alisema, akafunika uso kwa ushungi. Alipoufunua aliuliza, "Mmefanya nini hasa?"

"Tumebadilisha mstari mmoja, Madam."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Nilishuka kumwambia Bwana Gichunge. Alikuwa ameinama na ndoo. Nilipomaliza kusema hakuinuka, mabega yake tu yalitikisika, na mimi nikachukua ndoo ya pili nikajifanya naangalia maji.

Jumatano, Aprili 30

Kuchota matope. Kucha zangu zote nyeusi. Vituo vyote vinafanya kazi.

Jumapili, Mei 11

Mama amewatangazia wanawake wa kanisa kwamba mtoto wake ndiye anayezipa kompyuta za kaunti nzima majina. Nilijaribu kumrekebisha. Alinifinya.

Ijumaa, Mei 23

Mvua zinaisha. Mbuzi wamenenepa, nyasi imefika magotini njia ya kwenda uwanja wa ndege. Mashine mpya ya databesi imefika na tumeiweka juu ghorofani. Tulihama kutoka kwa pacha kurudi mjini mchana wa kazi, watu wakiwa wanatumia programu. Nilipiga simu kila kituo baadaye kuuliza kama kuna aliyeona kitu.

"Kitu gani?" waliniuliza.

Nimefurahia swali hilo kuliko sifa yoyote.

Bwana Gichunge ameandika utaratibu wote, mstari kwa mstari, ili fundi atakayekuja baada yetu asihangaike. Juu kabisa ameweka jina langu. La kwake akaweka chini, kwa herufi ndogo. Nimeyaweka yote mawili mstari mmoja. Tumegombana kidogo.

Alhamisi, Juni 5

Leo tumefungua kituo kipya, ng'ambo ya Garbatulla, kwenye malisho ambako hakujawahi kuwa na zahanati. Chumba kimoja cha mabati, sola mbili, dishi. Madam Batula alikuja, na wazee wa Kiborana waliovaa kofia zao safi, na kina mama na watoto wengi kuliko kivuli kilichokuwepo.

Tulitoa seva kwenye boksi. Zamani, aliniambia Bwana Gichunge, kufungua kituo kulikuwa ni kulala hapo hadi kila programu ikubali. Nilichomeka stima. Nikachomeka dishi. Seva ikaamka, ikauliza jina, ikajibiwa. Programu ya dawa ikafunguka, ya wagonjwa, ya chanjo. Muuguzi alikuwa bado anatafuta mahali pa kutundika kalenda.

"Mtaanza lini?" aliuliza.

"Tumemaliza, dada."

Alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaketi, akamwita mwanamke wa kwanza kwenye foleni, akaandika jina lake. Mjini, Biliqo na ndani ya lori, jina hilo likawa linajulikana.

Nje, mzee mmoja alikuwa akimhoji Bwana Gichunge. Nilimsikia kupitia dirishani, kwa Kiswahili chake cha Meru.

"Injinia ni wewe?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Injinia ni yule msichana wa Kiturkana aliye ndani. Ndiye aliyejenga haya yote." Akafuta miwani. "Mimi nilikuwa mtu wa kumbishia, mpaka ikawa imara."

Mzee akafikiri. "Hiyo nayo ni kazi," alisema.

"Ni kazi," alisema Bwana Gichunge. "Niliifanya vizuri sana."